Runinga ya LG C2 ya inchi 42 juu ya meza ya kompyuta: miezi minane ya gemu

Mdogo wangu ndiye aliyeijua tofauti kabla yangu. Alishika padi, akapiga pasi mbili tatu kwenye gemu ya mpira ya FC 24, akanigeukia: "Kaka, leo mpira unanisikia." Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti nyuma ya meza nikinyoosha nyaya.

Kabla ya hapo tulichezea runinga ya kawaida ya sebuleni, na kila ukibonyeza shuti mchezaji anasubiri kidogo ndipo apige. Nililaumu kompyuta, nikaiongezea hadi RAM. Kompyuta haikuwa na kosa. Runinga nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya taarifa ya habari na tamthilia: inapokea picha, inazishikilia chache, inazisafisha, inachomeka za kwake katikati ili mwendo uwe laini, kisha ndipo inakuonyesha. Anayetazama tamthilia hapotezi kitu, maana sauti nayo inacheleweshwa zifike pamoja. Aliyeshika padi anaumia.

Hii ninayoizungumzia ni LG C2, toleo la 2022, kioo cha OLED, yaani kila nukta inajiwakia na kujizimia yenyewe. Niliipata mtumba Kariakoo kwa shilingi 2,300,000, na imekaa chumbani kwangu Tabata miezi minane sasa. Ukiiweka kwenye hali ya gemu inaacha urembo wote ule. Ucheleweshaji unashuka hadi takriban milisekunde 10 kwenye 60 Hz (picha 60 kwa sekunde), na kama nusu yake kwenye 120 Hz. Matundu yote manne ya waya wa picha ni HDMI 2.1, kwa hiyo 4K (nukta 3840 x 2160) kwa 120 Hz inapita, na G-Sync, ile ya NVIDIA inayofanya kioo kifuate kasi ya kadi ya picha, inafanya kazi: kadi yangu ya RTX 3060 Ti ikishuka kutoka fremu 110 kwa sekunde hadi 80 katikati ya mbio za magari za Forza Horizon 5, kioo kinashuka nayo na picha haipasuki. Usiku wa gemu hiyo, taa za gari kwenye giza jeusi kabisa, nilikaa tu natazama bila kukanyaga mafuta.

Ila haitoki kwenye boksi ikiwa hivyo, na hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa mapema. Ingia kwenye orodha ya vifaa vilivyochomekwa, ubadilishe alama ya tundu unalotumia iwe ya PC. Usipofanya hivyo runinga inapunguza taarifa za rangi, na maandishi mekundu au ya bluu yanaonekana kama yamelowa maji. Kisha kwenye kompyuta, ndani ya mipangilio ya kadi ya NVIDIA, shuka mpaka kundi lililoandikwa PC ndipo uchague 3840 x 2160. Kundi la juu ni la runinga, na watu huchagua lile kwa sababu ndilo la kwanza kuonekana.

Waya nao. Duka moja liliniuzia wa mita 5 wenye "8K" kubwa kwenye pakiti. Kila baada ya dakika chache kioo kilikuwa cheusi sekunde mbili, kisha picha inarudi. Nilishaanza kuamini runinga ni mbovu. Nikanunua wa mita 2 wenye stika ya Ultra High Speed, ile yenye msimbo wa kuskani kwa simu, na tatizo halijarudi hata mara moja.

Kuhusu ukubwa: inchi 42 ina upana wa sentimita 93. Meza yangu ilikuwa na kina cha sentimita 60, na wiki ya kwanza shingo iliniuma kwa kugeuka kutafuta ramani kwenye kona. Fundi akaitundika ukutani, meza nikaisogeza mbele, sasa nakaa karibu mita moja nayo. Hapo ndipo pake. Herufi si kali kama za monita nzuri, kwa sababu vijipikseli vya kioo hiki vina cheupe cha nne kilichoongezwa kwenye nyekundu, kijani na bluu; nimekuza maandishi hadi asilimia 125 na inatosha. Ukifungua ukurasa mweupe mzima mwanga unapungua wenyewe, ndiyo tabia ya OLED. Mtu anayeshinda kwenye Excel kutwa nzima simshauri.

OLED pia huweza kubaki na kivuli cha kitu kilichokaa muda mrefu pale pale. Nimeficha upau wa chini wa Windows, na picha ya nyuma ni nyeusi tupu. Na kuna jambo linalotuhusu sana sisi tuliozoea kuzima swichi ya ukutani kabla ya kulala: baada ya jumla ya saa nne za matumizi, runinga hii hujisafisha kioo yenyewe ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini umeme bado unaingia. Ukizima ukutani kila usiku unainyima nafasi hiyo. Mimi naiacha kwenye stabilaiza, nazima kwa rimoti, ya ukutani siigusi.

Haina DisplayPort, tundu la picha ambalo monita nyingi za kompyuta zinalo. Wala haizimiki pamoja na kompyuta, ingawa programu ya bure ya LGTV Companion imenitatulia hilo.

Kama kadi yako ni ya HDMI 2.0 usivunjike moyo. Mimi nilianza na GTX 1660, na mlango huo unakupa 4K kwa 60 Hz au 1440p (picha yenye nukta chache kuliko 4K) kwa 120 Hz. Kwenye karatasi 4K inavutia zaidi. Nilimwekea mdogo wangu zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kumwambia ipi ni ipi. Alichagua ya 120, na hakusita.