Uzoefu wangu: kuchagua mtaala wa spelingi kwa mtoto wa Gredi 3

Kama mtoto wako anakaribia Gredi 4 na bado anaandika "skul" na "bicos", soma hii. Gredi 4 ndo Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia, sayansi, sosho, hesabu, zote, na mtoto anaweza kulijua jibu kabisa halafu ashindwe kuliandika. Wangu yuko Gredi 3 hapa Kisumu na kusoma anasoma vizuri, shida ni kuandika tu, na hiyo watu hawaamini, kila mtu ananiambia si anasoma, mwache tu itakuja. Haiji yenyewe. Ukisoma neno liko mbele yako unaliona, ukiandika unalitoa kichwani herufi moja moja, hizo ni kazi mbili.

Vile vitabu vya orodha tulivipitia, unajua vile, maneno Jumatatu, nakili, nakili tena, imla Ijumaa. Ijumaa anapata zote. Wiki inayofuata muulize neno lile lile anakutazama tu. Ukiangalia zile orodha unaelewa kwa nini, zimepangwa kwa mada, wiki ya sokoni unapewa "tomato", "weigh", "cheap" na "customer", sasa hayo yanahusiana wapi kwa spelingi? Hamna. Kila neno ni la kukariri kivyake. Kuhusu apu sisemi mengi, inamwekea maneno manne achague lililo sawa, anagonga, nyota zinaruka, anafurahi, halafu mpe karatasi tupu na penseli uone.

Kilichotufaa ni mtaala wa Marekani uliojengwa juu ya njia ya Orton-Gillingham, ile iliyoanzishwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham miaka ya 1930 kwa watoto waliokuwa wanapata shida kusoma. Kuna mingi ya aina hiyo sokoni. Yote inafanana kwa kitu kimoja, inapanga maneno kwa sauti na kanuni, na mtoto hasongi mbele mpaka kanuni imekaa, haijalishi yuko gredi gani. Mpya ni dola na bado kuna kusafirisha, kwa hivyo nilichukua mtumba kwa mama mmoja anayefundisha wanawe nyumbani, kitabu cha mzazi kizima, vigae vya herufi nusu vimepotea. Nikaokota vifuniko vya soda pale kibandani nikaandika herufi kwa maka pen, irabu nyekundu, konsonanti bluu, kazi ikaisha.

Somo lenyewe liko hivi. Unatamka neno, mtoto anavuta kifuniko kitupu kimoja kwa kila sauti anayoisikia, ndo anabadilisha na herufi. Siku ya "duck" akavuta vitatu, sawa kabisa. Akaweka d, akaweka a, akaweka k. Nikamwambia hapo mwisho sauti ya k ikifuata irabu fupi inaandikwa ck, angalia "back", "neck", "sick", "lock", akakimbilia "milk" akaniuliza mbona hiyo haina c, tukaangalia, aha, kuna l katikati, k haijagusa irabu. Hiyo aliigundua mwenyewe na hajaisahau. Nakili "milk" mara hamsini kwa daftari hupati hicho kitu.

Lakini umeona aliweka a? "Dack". Na hapa ndo hakuna mtu aliniambia kabla ya kununua. Mtaala mzima unategemea sikio, na sikio ni la Mmarekani. Sisi tukitamka "hat", "hut", "hurt" na "heart" zote zinatoka "hat", huo ndo Kiingereza chetu na mwalimu wake pia anaongea hivyo hivyo. Sasa unamwambia mtoto asikilize tofauti ambayo hajawahi kuisikia maisha yake yote? Zile rekodi za sauti nikaziacha, zilimchanganya zaidi. Kwa irabu hizo nafundisha kwa macho, tuna karatasi ukutani, familia ya "duck", "luck", "truck" upande wake, familia ya "back", "black", "pack" upande wake, na kabla hajaandika namuuliza hili linakaa nyumba gani.

Kuna s na sh pia. Amelelewa sana na dani yake (nyanya yake) kule Nyakach na Dholuo hakina sh, kwa hivyo "ship" kwake ilikuwa "sip" na akaiandika hivyo, maana aliandika alichosema. Hapo kioo kilisaidia, sh midomo inasonga mbele, s inabaki nyuma na meno yanaonekana. Anapenda hilo zoezi kupita kiasi, anafanyia mpaka wageni. Nyinyi wa upande wa Nakuru na Bungoma mtakuwa na zenu, msikilize mtoto kwanza kabla ya kulaumu kitabu.

Maneno sugu yasiyotii kanuni tunayasoma kama Kiswahili, kila herufi itoke. "Wednesday" ni we-d-ne-s-da-y, "knife" ni k-ni-fe, anacheka lakini k haachi tena. Hiyo haimo kwenye kitabu, Mmarekani angeitoa wapi.

Kingine, tahajia yao si yetu. "Color", "center", "traveled", ukimwachia mtoto hivyo mwalimu anachora mstari mwekundu maana huku tunafuata Uingereza. Mimi hupitia somo usiku na kalamu nasahihisha. Kama hutaki hiyo kazi na mtoto bado mdogo, PP2 (chekechea) au Gredi 1, tafuta Jolly Phonics, ni ya Uingereza, inafundisha sauti 42 kwa vitendo na inaanza na s, a, t, i, p, n, ambazo tayari zinajenga maneno mengi. Kwa wangu ilikuwa ya kitoto, alikataa kunyonganyonga mkono kama nyoka ya s.

Na usinunue kama hutakaa naye. Sio kitabu cha kumwachia msichana wa kazi, mzazi lazima usome somo kwanza, uwe pale, kidogo kila siku badala ya Jumamosi nzima. Jirani yangu alinunua seti nzima na iko juu ya kabati mpaka leo.

Kiwango cha pili tumemaliza, natafuta cha tatu mtumba, mwenye nacho Kisumu au Kakamega aseme bei. Vigae vikikosa sawa tu, vifuniko ninavyo.