Omega Speedmaster: batani zake nazibonyeza kila siku

Mwaka wa tatu huu naivaa saa ya mkononi ya Omega, Speedmaster Professional, ile ya kujaza ufunguo kwa mkono. Niliinunua mtumba kwa hela ya bodaboda tatu mpya, na watu wananiuliza zile batani mbili za pembeni za kupima muda ni urembo tu au? Nazitumia jamani!

Siku nikiwa sina cha kupima, ikigonga kumi na mbili asubuhi nabonyeza batani ya juu naiacha itembee. Kisaa kidogo cha chini kinahesabu masaa mpaka 12, kwahiyo mchana kutwa kinanisomea saa za Kiswahili, mshale wa masaa uko kwenye 1 huku cha chini kiko kwenye 7, saa saba ndo hiyo.

Kwenye basi la mkoani nakaa dirishani, kibao cha kilomita nabonyeza, kibao kinachofuata nasimamisha, na ule mduara mweusi wa nje unanipa spidi moja kwa moja. Sekunde 45 ni 80, mwisho wa basi kisheria. Siku moja ikasoma sekunde 33, yani karibu 110, nikamfata konda nikamwonyesha, akaenda kwa dereva na mwendo ukashuka kweli. Ila chini ya 60 haisomi.

Usiku ambao sitausahau ni wa uchungu wa mke wangu. Nesi alishatuambia tuhesabu unakuja kila baada ya dakika ngapi, umeme ukakatika, simu imezima, nimebaki na saa tu: dakika 12, 9, 7, ilivyofika 5 tukaita bajaji. Wale wanaanga wa Apollo 13, safari ya mwezini iliyoharibikiwa njiani mwaka 1970, nao chombo kimezimwa kutunza umeme, sekunde 14 za kuwasha injini walizihesabu kwa Omega ya aina hii, na usiku ule niliwaelewa sana. Kasoro niliiona hapohapo, visaa vidogo haviwaki gizani, ilibidi nisogeze mshumaa.

Kioo ni plastiki, kinachubuka haraka ila ukisugua na dawa ya meno mikwaruzo midogo inapotea. Kwenye maji usibonyeze kabisa.

Ukienda kununua, irudishe sifuri mbele ya muuzaji. Mshale mrefu wa sekunde usimame juu kabisa penye 12, ukikaa pembeni hata kidogo hiyo inadai fundi, na fundi wake sio bei ya mtaani.