Sunburst na "Ave Africa": fanki ya Dar iliyokwenda kurekodiwa Zambia

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo spika na headphone tunaziweka kando, tunaongelea mzigo wenyewe wa kusikiliza. Huu hapa, ngoja niusogeze kwenye kamera: Ave Africa, ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam. Lebo ya Strut ya London iliitoa upya mwaka 2016, na wamekusanya humo rekodi zao za kuanzia 1973 hadi 1976. Niseme mapema kabisa: nunueni. Sasa tubishane kwa nini.

Bendi ilianza 1970. Huo mwaka ushikeni, maana Novemba 1969, miezi michache tu nyuma, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Na tangu mwanzoni mwa 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Operesheni Vijana, unasaka vimini, mawigi na suruali za kubana. Katika hali hiyohiyo wanatokea vijana wanapiga soul, roki na rumba. Moyo huo, jamani!

Halafu kuna suala la vyombo. Bendi kubwa za wakati ule zilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi nao walikuwa na yao, jeshi nalo vilevile. Mwanamuziki anakuwa mwajiriwa, gita si lake, akiacha kazi analiacha. Bendi ya vijana isiyo na mwajiri inaishi kwa kupiga hotelini na kwenye vilabu, na mteja wa huko anataka kopi: nyimbo anazozijua, zipigwe kama alivyozisikia redioni. Sunburst walipita kwenye shule hiyo, na inasikika. Mtu aliyekopi kila aina ya muziki usiku kucha mikono yake haimpi shida.

Tuje kwenye sauti, ndiyo iliyonileta hapa. Dansi letu mnalijua mpangilio wake: wimbo unaanza taratibu, kisa kinasimuliwa, gita la solo na la rithim yanabembelezana, mpaka lije chemko watu wainuke. Sunburst hawakungojeshi chemko. Besi na drums vinakutana kwenye pigo la kwanza kwa kishindo, kisha vinaachia nafasi, na hiyo nafasi ndiyo inayokuchezesha. Msikilizeni mpiga rithim anavyojaza: mkono wa kulia unachapa bila kupumzika, mapigo kumi na sita kwenye baa moja, lakini wa kushoto unaziba nyuzi karibu muda wote, kwa hiyo kinachotoka ni mkwaruzo, koodi inachomoza mara mojamoja tu. Ukijaribu nyumbani utachoka kiwiko kabla wimbo haujafika katikati.

Juu yake linakuja gita la solo la Hembi Flory Kongo, limepitishwa kwenye fazi, ile pedali inayoipasua sauti. Anapopunguza ukali unasikia kabisa kwamba rumba ya Kikongo iko vidoleni. Anaiacha ipite kidogo, kisha anaikanyagia pedali. Wanaimba Kiswahili, wanaimba na Kiingereza. Kwangu mimi zile za Kiswahili ndizo zinazokaa vizuri kwenye mdundo, maana silabi zetu fupifupi zinaangukia penye pigo bila kulazimishwa.

Mtauliza, bendi ya Dar inarekodi albamu Zambia kwa nini? Jamani, Tanzania wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Unaingia studio za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, mnapiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, tepu inabaki maktaba ya redio. Ikipigwa hewani, umesikika, isipopigwa, basi. Anayetaka sahani anapanda basi kwenda Nairobi. Sunburst wao walielekea kusini, na mwaka 1976 wakarekodi albamu yenyewe ya Ave Africa huko Zambia, nchi ambayo zamrock, yaani roki ya Kizambia, ilikuwa imepamba moto, bendi za akina WITCH na Amanaz wakitamba.

Albamu ya Zambia imenyooka zaidi, vyombo vimetengana, kila kimoja unakishika. Lakini nikiambiwa nichague, nachukua zile za mwanzo, za 1973. Zina vumbi, zimebanana, ila utajua kabisa hawa watu wamesimama chumba kimoja wanatazamana. Najua wengine mtanipinga. Pingeni.

Kasoro? Msiisikilize kwa spika ya simu, tafadhali. Besi inapotea yote, na bila besi mtabaki na kelele za kinanda mje mniambie nimewadanganya. Na mpenzi wa dansi la Sikinde, ile bendi ya Mlimani Park, anayetaka mashairi marefu ya kisa na mkasa hatayapata humu. Maneno ni machache, yanarudiwa, kazi inafanywa na mdundo.

Anayeanza aanze na wimbo wa Enosi, aipige kwa sauti kubwa, kisha ahamie Let's Live Together. Wapiga besi mnaonitazama, nyinyi chukueni mzigo mzima. Na wazee wetu mliokuwa mnacheza Dar miaka ile, mlikuwa mnaingia ukumbi gani? Niandikieni hapo chini. Wiki ijayo nawaletea bendi ya Afro 70.