Kibanda cha kurekodia nilichouziwa Lamu: kibwagizo changu kilifika gatini kabla yangu

Nilijiambia sitaandika mpaka hasira zishuke. Miezi imepita na hazijashuka, basi acha niandike nazo.

Mimi naimba taarab za harusi. Zamani mtu alikualika ukaja ukaimba, ukatunzwa, ukenda zako. Siku hizi mteja anataka wimbo urekodiwe kabisa, upigwe kwenye spika bibi harusi anapotolewa nje. Studio za maana ziko Mombasa, na ukishalipa boti hadi Mokowe, basi la kutwa nzima na pa kulala, pesa ya wimbo imekwisha njiani. Ndiyo nikaamua kurekodi nyumbani.

Watu wa bara hudhani kwa kuwa mji wa kale hauna magari basi hauna kelele. Njooni mlale kwangu usiku mmoja. Punda akianza kulia Langoni hujibiwa na wa Mkomani, na ugomvi wao haujali kwamba uko kwenye ubeti wa tatu na ndio mara ya kwanza pumzi zimekaa sawa. Paka nao, hao siwasemi. Kuna injini za maboti, kuna fundi anayechonga mlango tangu asubuhi, kuna watoto wa madrasa. Lakini haya yote ningeyavumilia kwa kungoja. Shida yangu kubwa haikuwa kelele za kuingia. Ilikuwa sauti yangu kutoka.

Nielewe vizuri. Chumba nilichopanga ni cha mbele, dirisha linatazama kichochoro, na dirisha la jirani liko karibu kiasi kwamba tunaweza kupeana chumvi. Chini kuna baraza, na barazani hakukosekani watu. Wimbo wa harusi una mafumbo ndani yake, na fumbo likitangulia kusikika halina kazi tena.

Basi nikaelekezwa kwa fundi mmoja, simtaji jina. Alikuja, akapiga makofi chumbani kusikiliza mwangwi, akatikisa kichwa kama daktari. Akanivika kilemba cha ukoka: sauti kama hii, Bi, haifai kuachwa ikapotelea kwenye kuta. Akasema atanifanyia kibanda ambacho, na haya ndiyo maneno yake, "hata ukipiga ukemi ndani, aliye mlangoni hasikii." Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja kwenye chokaa yake, kwa hiyo kibanda cha kusimama peke yake kilinifaa. Tukaafikiana 18,000. Nikatoa arubuni 15,000.

Kilipokuja kilikuwa kama kabati la nguo lililonyimwa rafu. Plaiwudi nyembamba, ndani trei za mayai zimegandishwa kwa gundi, juu yake sponji la godoro rangi ya waridi. Sitawadanganya, siku ile nilikipenda. Niliimba beti mbili, nikavaa hedifoni kujisikiliza, nikabaki nimeshika kifua. Kwenye chumba kile cha chokaa, neno moja lilikuwa likinirudia mara mbili. Ndani ya kibanda sauti ilikuwa kavu, ya karibu, kama mtu anayekunong'oneza. Wiki ile ya kwanza ningeulizwa, ningempa yule fundi nyota zote tano na sahani ya biriani juu.

Kisha ikaja kazi ya harusi moja. Mama wa bibi harusi alikuwa na lake moyoni juu ya mwanamke fulani, akataka kijembe. Nikamtungia, na kibwagizo nikakipenda mwenyewe: *Paka wangu wa nyumbani, maziwa ya nje ya nini?* Tukaapizana asisikie mtu mpaka usiku wenyewe. Nikajifungia kibandani siku tatu, nikirudiarudia, maana mimi sitoi wimbo wenye doa.

Siku ya nne, nimeinama dirishani naanika kanga, kijana anapita na punda wake wawili wamebeba mchanga. Anaimba. Nikadhani masikio yangu yamechoka. "Paka wangu wa nyumbani," akampiga punda kofi la mgongo, "maziwa ya nje ya nini!" Na mizani ameishika, mjinga yule. Hata pale ninapovuta "nyumbaaani" anavuta vile vile.

Miguu iliniisha nguvu. Jioni nikasikia kwamba hata vijana wa maboti gatini wanakiimba. Usiku wa harusi ndio ulionimaliza: aliyelengwa alikuja amepambika, ametulia, na upande wake wamepanga mwimbaji wao na jibu lao, limetungwa kwa mizani ile ile yangu. Paka na maziwa yalirudishwa yote, na nyongeza. Ukumbi uliwaka, watu walitunza upande wa pili. Mteja wangu hakusema kitu pale pale. Kesho yake alinilipa nusu.

Nikamfuata yule fundi. Nilikuta kakaa barazani na wenzake, kahawa mkononi. Nilimwamkia kwa adabu, wallahi kwa adabu, nikamwambia, fundi, kile kibanda chatoa sauti. Hakuinuka. Alinitazama, akageukia wenzake, akaimba. Akakiimba kibwagizo changu chote, na wale wazee wazima wakaitikia! Halafu akaniambia: "Bi, si umepata wasikilizaji bure? Mwenye kuogopa kusikika, asiimbe."

Asiimbe! Mtu kachukua pesa zangu kwa ahadi kwamba sitasikika, halafu ananishauri niache kuimba. Mori ulinipanda mpaka maneno yakakataa kutoka, mimi ambaye kazi yangu ni maneno. Nikarudi nyumbani nimejifunika buibui hadi machoni na kicheko chao kinanifuata kichochoro kizima. Mpaka leo nikipita pale natafuta njia nyingine, na Lamu njia nyingine ni kuzunguka.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Na nilichokisoma kilinizidishia hasira, kwa sababu ni jambo ambalo mtu anayeuza vibanda vya sauti lazima alijue. Trei ya mayai ni karatasi iliyopondwa. Iliumbwa kwa ajili ya yai lisivunjike, basi. Sponji nalo ni jepesi, hewa inapita, na panapopita hewa sauti inapita. Vitu hivi viwili hupunguza mwangwi ulio ndani, hasa wa sauti nyembamba, ndiyo maana nilijisikia vizuri kwenye hedifoni. Kuzuia sauti isitoke ni kazi nyingine kabisa, nayo yataka uzito na kuziba. Uzito wenyewe hautoi kwa wepesi: ukiufanya ukuta uwe mzito mara mbili, unapata kama desibeli 6 tu za ziada (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sasa plaiwudi ya kusukumwa kwa kidole itazuia nini? Na sauti nene ndiyo kaidi zaidi. Ile ya mitetemo 100 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 3. Sponji la sentimita 5 ni kama kumzuia ng'ombe kwa uzi.

Nikafanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingelishwa nyama ya ulimi. Niliweka redio ndani ya kibanda, nikafunga, nikashuka kichochoroni. Msomaji wa habari alikuwa anamumunya, maneno hayashikiki sawasawa. Lilipoingia tangazo lenye ngoma, ngoma ikatoka nzima. Kabla hujatoa shilingi, mwambie fundi akufanyie hivyo mbele yako. Akikataa, mshike mkono umtoe nje.

Hapa lakini lazima niseme kweli, ingawa inaniuma. Tundu la hewa nililitaka mimi. Ilikuwa Kaskazi, joto la kukamua, na ndani ya kibanda nilikuwa natoka jasho mpaka maiki inateleza mkononi. Nikamwambia anikatie tundu, akanikatia la ukubwa wa sahani, upande wa dirisha. Kumbe nafasi iliyo wazi hata ikiwa sehemu moja tu katika mia ya ukuta, ukuta wenyewe uwe wa mawe au wa chuma, huzuii zaidi ya desibeli 20. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu. Sehemu. Yeye ndiye fundi, angenambia, "Bi, chagua: hewa au siri." Mimi ningechagua. Alinyamaza akakata.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa nyumba ile ile. Waliojenga nyumba hizi za mawe walipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, na cha mwisho, ndani, ndicho cha wanawake na cha faragha. Kuta zake za matumbawe na chokaa zinakaribia nusu mita. Kile cha nyumba yetu hakina dirisha la kichochoroni, na anakikalia mama wa mwenye nyumba. Nilikwenda kumwomba, akakubali kwa sharti kwamba hatatoka. Basi narekodi baada ya isha, nimeviringisha mkeka chini ya mlango, blanketi mbili nzito zinaning'inia nyuma yangu kula mwangwi, maiki ya dainamiki, ile isiyodaka sana sauti za mbali, karibu na mdomo kiasi cha ngumi, na bibi kitandani. Hukohoa kila nikifika ubeti wa pili. Lakini nimelitia redio humo, nimeshuka kichochoroni, nimesimama kimya: sikusikia kitu isipokuwa punda.

Kama shida yako ni mwangwi tu, na hujali nani anakusikia, kibanda cha namna hii kina faida. Nimekwisha kusema, sauti ilikuwa nzuri, sirudi nyuma. Nilikuwa nimekusudia kumpa nyota tatu kwa ajili hiyo. Kisha nikakumbuka wale wazee wakiitikia. Moja. Na hiyo moja ni ya sponji, ambalo nimelibandua, na bibi ameliweka chini ya mgongo wake.

Juzi amemtuma kijana kuja kudai 3,000 zilizobaki. Nimemwambia amweleze aje mwenyewe, mchana, saa ambayo watu wamejaa barazani. Nina jibu la mizani ile ile.