Land Cruiser ya zamani inayochemka Ngomo: ununue nini kwanza

Ukitoka Kamanyola kurudi Bukavu na mzigo, unaupanda Ngomo kwa gia ya kwanza na ya pili karibu mlima mzima. Joto la bonde la Ruzizi bado liko ndani ya chuma, motere inavuta kwa nguvu zote, na mwendo ni mdogo hivi kwamba upepo wa barabara hausaidii kitu. Hapo ndipo mshale hupanda, na kesho yake mwenye gari anaanza kutafuta radiatere mpya. Mara nyingi radiatere haikuwa na kosa. Hewa haikupita, au mfuniko ulikufa, au termostati (kivalvu kinachofungua njia ya maji kwa joto) ilitolewa zamani na mtu aliyedhani anasaidia.

Kwa hiyo orodha hii inaanza na vitu vidogo. Tumeipanga kwa kufuata kile kinachoshusha joto zaidi kwa pesa ndogo zaidi. Tunafikiria hasa motere 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, inayobeba Land Cruiser nyingi za hapa. Mwenye Prado ya motere 1KZ-TE afuate mpangilio uleule, ila aanze na namba 4, na asingoje: kilasi chake (kichwa cha motere) ni cha aluminiamu, na kikipata joto kali mara moja tu kinaweza kupasuka.

Kwanza usome joto lenyewe

Gari likichemka milimani na kwenye foleni, kisha likapoa ukipata barabara nyoofu, tatizo ni hewa. Likichemka ukiwa na mwendo mzuri kwenye tambarare, maji hayazunguki vizuri au radiatere imeziba ndani. Likipoteza maji bila tone chini, fungua mfuniko motere ikiwa baridi, iwashe na utazame: mapovu yasiyokoma ni gesi inayopenya kwenye joini ya kilasi (kizuizi bapa kati ya kilasi na motere). Hilo likiwepo, hakuna kitu katika orodha hii kitakachokuponya; peleka pesa kwenye kilasi.

1. Mfuniko, termostati, dirite na maji

Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, na hapa maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Mfuniko wa radiatere ndio unaorudisha tofauti hiyo. Ule ulioandikwa 0.9 (namba ya shinikizo) ukishika shinikizo lake, maji hayachemki mpaka karibu 115. Ukiwa umelegea, umepoteza nyuzi ishirini kwa sababu ya kipande cha mpira. Ugeuze uutazame: mpira uwe laini, usio na mfereji uliochimbika, na kile kivalvu kidogo cha katikati kivutike kwa kucha na kurudi chenyewe. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa na kiwanda. Namba kubwa zaidi haiongezi ubaridi; inatafuta tu mahali pachovu pa kupasua.

Termostati usiitoe. Hili tunalisema kwa uzito kwa sababu limeharibu motere nyingi. Termostati nyingi za Toyota zina sahani mbili: ya juu hufungua njia ya radiatere, na ya chini wakati huohuo hufunga njia fupi inayorudisha maji ndani ya motere. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kufika kwenye radiatere. Nunua ya nyuzi 76 au 82 kulingana na kitabu cha motere yako, na kabla ya kuifunga ijaribu kwenye sufuria. Itundike kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, washa makaa. Ya 82 lazima ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na maji yakianza kutokota iwe imefunguka milimita 8 hivi. Ya bandia hujulikana hapo: inafunguka nusu, au inachelewa, au haifungi tena ikipoa. Ukiifunga, kitundu kidogo chenye kipini kiwe juu kabisa ili hewa itoke.

Dirite (mipira ya maji ya radiatere) zikiwa zimevimba karibu na kolie (vibana vyake), au ukizibinya zinalia kama jani kavu, badilisha ya juu na ya chini pamoja. Ile ya chini iwe na waya wa ndani kama ya zamani ilikuwa nao, la sivyo pompa ikivuta itajikunja.

Kuhusu maji: usichote ziwani. Maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi na asili yake ni ya magadi. Yakipashwa moto kila siku yanaacha ukoko mweupe ndani ya mirija, na ukoko huo unazuia joto lisitoke. Nunua maji ya batri, au kinga mvua baada ya bati kuoshwa kwa muda. Changanya na antijeli (dawa ya maji ya radiatere) theluthi moja hadi nusu. Hapa hakuna barafu, lakini antijeli ndiyo inayozuia kutu na kulinda aluminiamu. Usichanganye ya rangi moja na nyingine usiyoijua. Nyingine zikikutana huganda kama uji. Motere ya 1HZ inachukua zaidi ya lita 10, basi nunua ya kutosha kwa mara moja.

2. Visko ya feni na boksi lake

Kama gari lako huchemka mlimani tu, hapa ndipo pa kuweka pesa. Visko ni kile kikombe cha aluminiamu kilicho katikati ya feni. Ndani mna mafuta ya silikoni, mbele kuna chuma kidogo kinachohisi joto la hewa itokayo kwenye radiatere. Joto likipanda, mafuta yanaingia kazini na feni inashika. Baada ya miaka ishirini mafuta yamepungua, na feni inazunguka kwa uvivu huku motere inaungua.

Jaribio: ipashe motere moto kabisa, izime, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikipita zaidi ya mzunguko mmoja yenyewe, visko imechoka. Dereva makini hujua hata kwa sikio; feni nzima ikishika kwenye mlima hunguruma, na asiyeisikia kamwe hana feni.

Una njia mbili. Ya bei nafuu ni kuijaza upya: Toyota huuza mafuta hayo kwa vichupa vya mililita 18, na kwa Land Cruiser inayobeba mizigo chagua iliyoandikwa 10,000 (namba ya unato wa mafuta), vichupa viwili au vitatu. Fungua visko, safisha, jaza, funga bila kuharibu joini. Kama beringi inacheza ukitikisa ncha ya feni mbele na nyuma, usijaze, nunua mpya. Aisin ndiyo jina la kutafuta. Zile zisizo na jina hushika muda wote au hazishiki kabisa.

Boksi la plastiki linalozunguka feni ni sehemu ya feni. Magari mengi hapa hayana tena, kwa kuwa lilivunjika na fundi akaona gari linatembea tu. Bila boksi, feni inavuta hewa ileile ya moto kutoka kwenye motere badala ya kuivuta kupitia radiatere. Hata la mitumba linatosha, mradi liwe zima na ncha za feni zisiwe mbali nalo zaidi ya sentimita mbili tatu.

Na tope. Barabara ya Kamituga hujaza udongo kati ya kondensa ya klimatizasyo (AC) na radiatere, mahali ambapo jicho halifiki. Legeza kondensa, mulika kwa tochi, osha kutoka upande wa motere kwenda nje kwa mpira wa maji wa kawaida. Mashine ya shinikizo kali inalaza mapezi na kuziba kile ulichotaka kufungua.

3. Radiatere

Sasa, kama bado inachemka. Motere ikiwa imezimwa lakini bado ni ya moto, na feni imesimama, pitisha kiganja karibu na uso wa radiatere. Sehemu za baridi ni mirija iliyoziba.

Chaguo letu la kwanza kwa Kivu ni radiatere ya shaba iliyowekwa moyo mpya (sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi), huku vichwa vyake vya zamani (vitangi vya juu na chini) vikibaki. Ikitoboka Mwenga, fundi yeyote mwenye solda na moto ataiziba. Omba mistari mitatu au minne ya mirija, lakini mapezi yasisongamane sana. Moyo mnene hupendeza kwenye meza ya fundi, ila unashika tope na kuzuia hewa. Mwulize pia fundi ni mirija mingapi ameifunga. Kila mrija uliozibwa ni ubaridi ulioupoteza.

Ya pili ni mpya ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki, Denso au Koyo. Inapoza vizuri sana na ni nyepesi, lakini plastiki ikipasuka njiani hakuna wa kuitengeneza. Ya aluminiamu tupu iliyochomelewa tunaiweka ya tatu kwa sababu mitikisiko hupasua kona zake. Nakala za bei ya chini zenye moyo mwembamba ziache dukani.

4. Kihisi joto cha chuma

Saa ya dashibodi inapima maji. Maji yakiisha, kihisi kinabaki kwenye mvuke na mshale unaweza hata kushuka huku kilasi kinaungua. Kihisi kinachofungwa kwa bulti kwenye kilasi chenyewe, chenye kengele, hupima chuma. Hakipozi chochote, lakini kwa mwenye 1KZ ndicho kipande namba moja, bila kuzungusha maneno.

5. Pompa ya maji

Nunua tu ikiwa kitundu chake cha chini kinatoa tone au beringi inalia. Ukinunua, badilisha na mikanda. Ikiwa ni pacha, yote miwili kwa pamoja.

6. Feni za umeme

Ziko mwisho. Feni inayozungushwa na motere hupitisha hewa nyingi zaidi kwenye mwendo mdogo, na za umeme zinadai umeme ambao dinamo ya zamani haina wa kutoa.

Ukimaliza kufunga, paki gari pua ikitazama juu, jambo rahisi Bukavu. Fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, washa, binya dirite ya juu mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga. Asubuhi yake, motere ikiwa baridi, tazama tena kiwango kabla ya kushuka Kamanyola. Mara nyingi huwa inadai nusu lita.