Mchanga gani umnunulie paka anayekojoa nje ya beseni lake

Paka wetu jike alitumia beseni lake la choo vizuri tangu udogoni. Akiwa na miaka mitatu, Julai moja, mwezi ambao baridi ya Moshi haikuachi hata ndani ya nyumba, akaanza kukojoa kwenye kikapu cha nguo zilizofuliwa. Ya juu kabisa ilikuwa kanga niliyopewa na mama mkwe. Wiki iliyofuata ikawa godoro la sponji la watoto, na nyumbani wakaanza kusema apelekwe sokoni Mbuyuni akakamate panya wa huko.

Nilichukua kigoda nikakaa ukumbini kumtazama. Alikuja kwenye beseni, akanusa, akatia miguu ya mbele tu, ya nyuma akaiacha ukingoni. Halafu akainua mguu mmoja akaukung'uta mara tatu, kama mtu aliyekanyaga maji, akaondoka bila kufukua. Siku chache kabla nilikuwa nimembadilishia udongo wa beseni. Nilinunua mfuko wenye manukato ya maua, nikijua nafanya jambo jema kwa nyumba nzima. Pua ya paka ni kali kuliko yetu mara nyingi, na ile harufu niliyoiona nzuri kwake ilikuwa ukuta.

Paka hakojoi kwenye kanga ili kukukomoa. Anatafuta mahali laini kwa nyayo, pakavu, pasipo harufu inayomfukuza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza nyayo zake zinataka nini.

Kabla ya kutoa pesa

Pesa ya kwanza si ya mchanga, ni ya daktari wa mifugo. Kibofu kikiwa na uvimbe au mawe, paka huhusisha maumivu na beseni, akalikimbia hata ukimwekea mchanga wa dhahabu. Mtazame: anakwenda mara nyingi? Anatoa matone tu? Mkojo una damu? Anajilamba sehemu za siri bila kuacha? Akiwa dume anayechuchumaa, anajikamua, analia na hakitoki kitu, hiyo ni dharura. Mrija wake ni mwembamba sana, ukiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usisubiri kesho. Madaktari wetu wengi huku siku nzima wako na ng'ombe na kuku, kwa hiyo mwambie wazi: naomba umpapase kibofu.

Pia tofautisha kukojoa na kupulizia. Anayekojoa anachuchumaa na kuacha dimbwi chini. Anayepulizia anasimama, mkia juu unatetemeka, na mkojo unapiga ukutani au kwenye mguu wa kochi. Huyo wa pili anaweka mpaka wake, na mara nyingi ni dume asiyehasiwa. Kuhasi kunaweza kufanyika akiwa na miezi minne hadi sita, na kwa madume wengi hiyo tabia huisha au hupungua sana. Usimnunulie mchanga, mpeleke akahasiwe.

Beseni

Hapa sitakaa sana. Nunua beseni la plastiki la kufulia lililo pana, refu kuliko paka mwenyewe mara moja na nusu. Vile vyoo vyenye paa na mlango vinavyouzwa madukani vinaficha harufu kwako, lakini mle ndani anakaa nayo yeye. Paka mzee au mwenye maumivu ya viungo mkatie ukingo upande mmoja aingie bila kuruka. Idadi ni moja kwa kila paka, na moja ya ziada. Liweke mbali na chakula chake, mahali tulivu ambapo mbwa wa uani hawezi kumbana kona.

1. Mchanga wa lipu, uliochekechwa na kukaushwa

Hiki ndicho ningekinunua kwanza kwa paka anayekataa beseni, na sababu ya bei rahisi inakuja baadaye. Babu wa paka wetu wa nyumbani ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kufukua chembe ndogo ndogo kumo damuni mwake, na mchanga laini hauhitaji kumfundisha mtu.

Ukienda kwa wauza mchanga au kwa mafundi wanaojenga mtaani, usiseme tu "mchanga". Mimi nilisema hivyo, kijana akanipeleka kwenye lundo lenye kokoto.

"Shikamoo mama. Wa zege au wa lipu?"

"Marahaba. Ni wa paka, mwanangu."

"Basi chukua wa lipu. Huu mwingine utamchoma miguu."

Alijua kuliko nilivyojua mimi. Mchanga wetu wa huku ni mweusi, wa asili ya volkano, na ule wa lipu ni laini wa kutosha. Beseni la sentimita 60 kwa 40, ukijaza kina cha sentimita nne, linakula lita kumi hivi, yaani nusu ndoo kubwa. Jiandae kubeba: hizo lita kumi zikiwa kavu zinafika kilo 15 au zaidi.

Kuna kazi ya lazima. Lundo la mchanga mtaani ni choo cha paka wengine, kwa hiyo usichote juu, chota ndani. Uchekeche kwa wavu wa dirisha, umwagie maji yanayochemka, kisha uutandaze juu ya bati juani mpaka upukutike mkononi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mchanga wa nje unakuwa na maji muda wote, hivyo weka akiba ya gunia moja kavu kabla mvua hazijaanza.

Kasoro yake ni kwamba haunyonyi. Mkojo unashuka chini ya beseni na kukaa huko. Mimi hutandaza kwanza vumbi la mbao unene wa kidole, halafu mchanga juu. Nyayo zinapata mchanga, mkojo unapata vumbi.

Sasa bei. Nimeona mara nyingi, kwangu na kwa majirani: mfuko wa dukani ukiwa ghali, mtu anauonea huruma. Anaacha beseni siku nne, siku tano, "bado unafaa". Paka anahesabu tofauti. Mchanga wa ndoo haukuumi kuumwaga, na paka anayekojoa nje anahitaji beseni jipya kuliko anavyohitaji beseni la kifahari. Toa kinyesi na bonge lililolowa kila siku, badilisha wote kila wiki. Mwiko wa matundu wa kuopolea maandazi unafaa kwa kinyesi (uwe wa paka peke yake), na kopo lililokatwa linafaa kwa bonge bichi.

2. Udongo wa paka unaoganda, usio na manukato

Huu ndio wa supamaketi, wa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unajikusanya bonge gumu, unaliokota, uliobaki unakuwa mkavu. Chembe zake ni ndogo na paka wengi wanaupenda sana. Kwa aliyepanga ghorofani Njiro au Sakina kule Arusha, asiye na ua wa kuanikia mchanga, ningeupa nafasi ya kwanza bila kusita.

Masharti mawili. Mfuko uandikwe kuwa hauna manukato; ukiukuta wa maua, limau au lavenda, urudishe rafuni. Na usiumwagie mtoto wa paka ambaye bado analamba kila kitu, kwa sababu huo udongo unaganda tumboni kama unavyoganda kwenye beseni. Usiutupe chooni, unaziba bomba.

3. Vumbi la mbao

Linapatikana kwa maseremala, mara nyingi kwa bei ya kubebea tu, na linanyonya mkojo na harufu vizuri. Ila muulize fundi kwanza: mbao gani? Za paini au za kawaida zilizokauka, sawa. Zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani, kataa kabisa, maana paka atajilamba nyayo. Vumbi likiwa laini mno linapanda puani na kumpigisha chafya, kwa hiyo lichekeche na uondoe unga. Litasambaa mpaka sebuleni, hilo ukubaliane nalo.

4. Maranda

Mbao ileile, umbo tofauti. Kuku wanayapenda, paka anayechagua hayapendi, kwa sababu yanacheza chini ya mguu na hayafukuliki. Kwa paka asiye na tatizo, sawa.

5. Maganda ya mpunga

Mpunga wa Chekereni na Mabogini unatufanya tuyaone maganda kila mashineni, na yanavutia kwa wepesi wake. Lakini ganda la mpunga ni gumu, lina ncha, na halinyonyi maji. Mkojo unabaki chini yote yakielea juu. Sikununua tena.

6. Gazeti na majivu

Gazeti lililochanwa lina siku zake: paka akitoka kuhasiwa, mwekee hilo kwa siku kadhaa ili mchanga usiingie kidondani. Majivu ya jikoni bibi zetu waliyatumia, na yanaua harufu kweli. Lakini yakilowa yanakuwa makali, yanachoma ngozi ya nyayo na ulimi unaolamba. Nayaweka mwisho kwa sababu hiyo peke yake.

Pale alipokwisha kojoa

Mchanga mpya hautasaidia kama kikapu bado kinanuka kwake. Kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kisinyonye unyevu tena, kisha osha kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (viini vinavyovunja uchafu) na maji ya vuguvugu, suuza, anika juani. Siki iliyochanganywa na maji inasaidia kwenye sakafu. Jiki usiiguse: ikikutana na mkojo inatoa hewa inayokaba kifua, chako na chake. Na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuzivunja.

Mchanga uliotumika usimwage kwenye bustani ya mchicha, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kubeba toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito asilisafishe beseni kama kuna mwingine wa kumsaidia. Kimelea hicho huchukua angalau siku moja nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoa kinyesi kila siku.

Ukishindwa kuchagua kati ya viwili, usinibishie mimi, muulize paka. Weka mabeseni mawili yanayofanana sambamba, moja mchanga wa lipu, la pili kile unachokipenda wewe, uyasafishe kwa saa ileile kwa wiki mbili, ukihesabu mashimo kila asubuhi. Kwangu ulikuwa mchanga, siku kumi na moja kati ya kumi na nne. Kikapu cha nguo kimerudi mahali pake.