Chrony: saa ya kompyuta ya duka imetulia

Kompyuta ya kaunta dukani kwangu ni ya zamani, inatumia Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), na betri ndogo ya kwenye ubao mama, inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa, imekufa. Nikiizima saa 12 jioni, asubuhi inaamka ikidhani bado ni jana jioni. Risiti za wateja zilikuwa zinatoka na tarehe ya jana, na hesabu za siku mbili zinachanganyika. Iliniumiza sana.

Timesyncd, programu ya kurekebisha saa kupitia intaneti iliyokuwamo, si mbaya, ila hufuata seva moja ya saa kwa wakati mmoja. Chrony, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, hulinganisha seva kadhaa na kuikataa inayodanganya. Kuiweka ni amri moja tu: sudo apt install chrony. Kisha nikafungua faili la mipangilio yake, /etc/chrony/chrony.conf, nikaongeza mstari huu wa kundi la seva za saa za Tanzania:

pool tz.pool.ntp.org iburst

Neno iburst hufanya maswali ya kwanza kwa seva yatumwe haraka haraka. Kinachonifurahisha zaidi ni makestep 1 3, ambayo nimeikuta humo tayari: saa ikipishana kwa zaidi ya sekunde 1, inarukishwa papo hapo katika masahihisho 3 ya mwanzo. Baada ya hapo chrony huivuta polepole, bila kuruka. Hata nikichelewa kuwasha intaneti ya simu, inasubiri.

Nakagua kama saa imelingana na seva kwa amri chronyc tracking kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza. Ukiona seva hazijibu, angalia kama mtandao wako umefunga mlango (port) wa UDP 123, ambamo maswali ya saa hupita. Betri mpya nitanunua pia, lakini risiti zangu sasa zina tarehe sahihi.